Usiniwekee Soketi

Wengine hukutanishwa na macho. Hawa wawili walikutanishwa na skrubu.

Ilikuwa saa sita mchana. Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni, na redio tano zilikuwa zinaimba nyimbo tano. Mwanamume mmoja mrefu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na nyuzi za rangi zimenasa kwenye shati, alisukumwa na foleni akaegemea meza ya fundi. Kikopo cha skrubu kikapinduka.

"Samahani, dada! Nitaziokota zote."

"Zote ni mia mbili, kaka. Utahamia huko chini?"

Akapiga magoti, akaziokota kweli. Alipomaliza alizipanga kwa ukubwa wake. Fundi, dada wa miaka ishirini na tisa mwenye aproni ya bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi, akaliona hilo. Wengi hurudisha walichomwaga; wachache hupanga.

Mwanamume huyo alikuwa mshona mapazia. Hapo dukani alikuwa amenunua kisanduku cha kuongozea muziki, kile kinachouzwa vipande vipande ukaunganishe mwenyewe: ubao, vitufe vikubwa kumi na sita, na chipu mbili, kila moja ikihudumia vitufe vinane. Ukikichomeka kwenye kompyuta, kila kitufe kinatoa sauti yake. Chake kilikuwa kimekufa nusu.

"Umelehemu mwenyewe?" fundi aliuliza akiugeuza ubao. "Mistari imenyooka kama umeshona."

"Ndiyo kazi yangu."

"Ila chipu umezilehemu palepale kwenye ubao. Kuitoa moja, lazima nichome mguu mmoja mmoja, na ubao unaumia."

Kazi ilichukua saa nzima. Alipoitoa ile chipu mbovu aliweka soketi, kikalio kidogo ambamo chipu huchomekwa tu, ikifa unaing'oa kwa vidole. Akachomeka chipu mpya, akaiwekea na ile nzima soketi yake. Hakuombwa.

Siku nne baadaye simu ikalia.

"Halo, Fundi. Mapazia hapa."

"Usiniambie."

"Imekufa tena. Ilipata moto kwanza, kama pasi, halafu ikanyamaza."

"Labda soketi haikushika. Ilete, nipige risasi upya miguu yote." Alimaanisha ile risasi inayoyeyushwa kulehemu.

Huko upande wa pili sauti ya mama mtu mzima ikapaa: "Mungu wangu! Nani anapigwa risasi miguuni?"

"Mama, ni chipu!"

Walicheka wote watatu mpaka fundi akafuta miwani.

Akaja, wakaongea, fundi akamfundisha kuing'oa na kuichomeka. Wiki iliyofuata akaja tena, kisanduku kwapani, shati limepigwa pasi likasimama. Akakaa mpaka duka likapoa. Alipoondoka, shangazi yake fundi, mwenye duka, akakohoa kidogo.

"Binti yangu, chipu haifi mara tatu. Huyo anaziua makusudi aje akutazame."

Fundi alicheka, lakini neno lilimchoma. Kumbe yeye anaungoja mlango ufunguke, na mwenzake anamchezea? Mapazia alipopiga simu kwa kifo cha nne cha chipu, fundi hakumpa nafasi.

"Kama unataka kuniona, njoo unione. Usiharibu vitu nikae nakuhangaikia kama mjinga."

Mapazia akajibu kwa sauti ya chini: "Nilikwambia zinapata moto, Fundi. Hukunisikia. Na kisanduku ni cha mama yangu, siwezi kukifanyia mchezo. Asante kwa kazi yako."

Hakurudi. Kila aliyepita na futi shingoni, fundi aliinua kichwa.

"Shingo itakukatika," shangazi akasema, lakini kwa upole.

Wiki ya tatu, kiwanda kilichotengeneza visanduku kikaleta barua na paketi ya chipu mpya. Barua ilisema chipu zenye alama ya duara mgongoni zina kasoro: hupata moto, kisha hufa. Fundi akavuta droo yake ya chipu. Duara, duara, duara. Alikuwa akitoa mbovu na kuweka mbovu.

"Shangazi, alisema. Mara zote alisema."

"Basi tumemsingizia. Ila mimi nilitania, wewe ndiye uliyenena." Shangazi akamvua aproni, akaivaa yeye na kukaa mezani pake. "Nenda. Wateja nitawadanganya kwamba najua."

Chumba cha mapazia kilinukia kitambaa kilichopigwa pasi. Mapazia alikuwa amempa mlango mgongo, cherehani inakimbia. Dirishani aliketi mama yake. Zamani alipiga kinanda. Sasa ugonjwa wa viungo ulikuwa umevikunja vidole vyake, hivyo alibonyeza vitufe kwa ngumi. Akifika kwenye kitufe kilichokufa, aliiimba ile sauti mwenyewe, kwa koo lililopasuka, kisha akaendelea.

Fundi alisimama mlangoni, paketi mkononi, asiweze kupiga hodi.

"Mama, kwa nini unaimba?" akauliza mwishowe.

"Vitufe vinane vimelala, mwanangu. Mwenzio akilala, unamshikia zamu."

Cherehani ikanyamaza. "Karibu, Fundi," Mapazia akasema, bila tabasamu.

"Nimekosa. Zilikuwa mbovu tangu kiwandani. Ulisema, na mimi sikusikiliza."

Aling'oa chipu zote mbili kwa vidole, akachomeka mpya. Mama akashusha ngumi. Sauti ikatoka, ya pili, mpaka ya kumi na sita.

"Afadhali," mama akasema. "Koo langu likapumzike."

Mapazia aliigusa chipu moja, akangoja, akaigusa tena. Ilikuwa baridi. Ndipo akatabasamu.

"Kwa hiyo zilikufa kweli zote?" fundi akauliza.

"Kweli. Ila..." Akachezea futi yake. "Mara ya tatu nilishajua kuichomeka. Ningechukua chipu tu nikaenda zangu. Nilibeba kisanduku kizima ili nikae."

"Shangazi akisikia, sitapumua."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakabaki wakitazamana.

"Fundi, nikikuomba uwe wangu, nitakuwa na ombi moja lingine."

"Lipi?"

"Usiniwekee soketi. Sitaki cha kung'oleka kwa vidole."

Fundi akaufunika mkono wa Mapazia kwa mkono wake.

Dirishani ngumi ikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo.

"Mpige risasi, mwanangu!" mama akaita. "Miguu yote!"