Neno la Siri la Isimeli

Walikutana kituo cha mabasi cha mji wa Suva, mvua inamwagika na watu wanasukumana. Litiana alikuwa ameikumbatia kompyuta yake kuukuu kifuani, sulu yake nyekundu, kitambaa cha kujifunga kiunoni, imelowa chapachapa.

"Dada, hiyo itakunywa maji," Isimeli alisema, akamfunika kwa mwavuli. "Mimi fundi. Nipe niiangalie."

"Nikishakupa, nitakuona wapi tena?"

"Hapahapa. Umeona wapi mwizi mwenye mwavuli wa maua?"

Miezi sita baadaye walikuwa wapenzi. Wiki iliyopita Isimeli aliufuta mfumo wa zamani wa kompyuta ile, uliokuwa ukijikokota, akaweka mwingine uitwao Linux, na neno la siri alilolijua yeye peke yake.

Leo, Jumamosi mchana, Litiana alikuwa chumbani kwa shangazi yake, jasho linamtoka. Siku mia zilikuwa zimetimia tangu wamzike mama yake. Ukoo ulikuwa sebuleni kuvua nguo nyeusi za msiba, na yeye aliahidi kuwaonyesha video ya mama akiongea. Video ilikuwa hiyo moja tu duniani. Akaifungua: kioo cheusi, kimya. Akaifungua tena. Kimya.

Akapiga simu. "Isimeli, umemfuta mama yangu!"

"Sijafuta kitu, mpenzi. Video ipo, programu ya kuichezesha ndiyo haipo. Tunaiweka sasa hivi. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika: sudo apt install -y vlc."

Aliandika. "Inataka neno la siri."

"Ah, hilo… subiri kwanza," Isimeli alisema.

"Isimeli?"

"Nakuja kuliandika mwenyewe. Niko mji wa Nausori, nipe saa moja tu."

"Wajomba wameshaketi! Nitajie!"

"Kwa simu siwezi."

Ni jina la mwanamke mwingine, Litiana akawaza. Mama nimeshampoteza, na huyu naye anaondoka. "Ni nani huyo? Mtaje tumalize."

"Andika jina lako. Herufi ndogo."

"Haiandiki! Hakuna kinachoonekana! Imekufa!"

"Haijafa. Neno la siri huwa halionekani. Endelea tu. Litiana, halafu… utaolewa nami. Bila kuacha nafasi."

Litiana akarudia kimoyomoyo: Litiana, utaolewa nami? Kisha akaandika herufi moja moja, machozi yanamtiririka, asione hata moja. Akabonyeza kitufe cha kuingiza. Mistari ikaanza kuteremka kiooni.

"Ikisimama, andika vlc. Dirisha likifunguka, iburute video humo."

Mama akatokea kiooni, anakuna nazi. "Litiana, weka hiyo simu chini uje unisaidie!"

Sebuleni shangazi zake wakapiga yowe, wakaja mbio.

"Nimemsikia," Isimeli alisema taratibu. "Na mimi je? Hujanijibu."

Litiana akajifuta uso. "Kwetu mtu haposi kwa kompyuta. Wajomba wangu wapo hapa hadi kesho. Waambie wazee wako walete jino la nyangumi, ndiyo posa yetu."

"Kesho? Wajomba zako nawaogopa, mpenzi."

"Mimi nimeogopa tangu asubuhi. Sasa zamu yako."