Gari la Kumi na Saba

Kila siku, baada ya gari la kumi na sita, njia ya pili ya kituo cha ukaguzi wa magari ilikaa tupu dakika ishirini. Nje foleni imeshuka kilima chote hadi njia panda, watu wamefika tangu alfajiri. Ndani wakaguzi wamefunga mikono, wanatazama shimo la ukaguzi lisilo na gari juu yake. Kisha mkaguzi mkongwe, waliyemwita Spana, husogea ukingoni na kusema kwa upole, "Rudi kesho."

Ungekuwa wewe ungekasirika, na msimamizi mpya alikasirika. Mwanamke huyu alikuwa amepewa wiki moja tu: foleni ipungue, la sivyo arudishwe masijala, alikokaa miaka kumi na moja akipanga mafaili ya watu wengine. Leo ilikuwa Ijumaa. Foleni haikuwa imepungua hata kwa gari moja, na mambo yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mzee Spana, dakika ishirini ni magari matatu!"

"Mama, pale kuna mtu anasubiri," Spana alinong'ona. "Yaani, alikuwa mtu. Alisubiri siku tatu zamu yake, ya kumi na saba, akafia kwenye usukani. Aliyekalia kiti baada yake ni jini. Bila cheti halivuki geti, ndiyo maana tunaliambia lirudi kesho. Na linarudi. Lina adabu kuliko wateja wengi."

"Adabu hata mimi ninayo, lakini nina kazi pia. La kumi na saba, ingia!"

Teksi nyeupe iliingia njia ya pili, ikazimika. Mashine ya kupima breki ikaanza kuzunguka yenyewe, na harufu ikaja, kwanza ya raba iliyoungua, kisha ya chumba cha maiti, na dereva wa teksi akaruka nje akipiga kelele kwamba kuna mtu amemkalia mapajani, na honi ambayo haikuwa ya teksi ikalia kutoka shimoni, ndefu, ikameza sauti za watu, ikazima mashine za njia ya kwanza na ya tatu, hadi kituo kizima kikasimama na msimamizi akahisi pumzi ya baridi sikioni mwake ikisema, kwa utulivu wa mtu aliyesubiri mno, "Zamu yangu."

"Liambie lirudi kesho!"

Spana akaliambia. Akarudia mara tatu. Honi haikukoma.

"Limeshaitwa, mama," alisema. "Umeliita mwenyewe."

Kioo cha mashine kilionyesha nguvu ya breki: sifuri. Nje madereva walikuwa wanapiga mabati ya ukuta na kutukana. Simu ya msimamizi, mkubwa wake akipiga, ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Aliogopa, ndiyo, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Wiki nzima ya kuhangaika, kumbe kikwazo ni karatasi moja!

"Linataka cheti? Lichukue, litupishe!"

"Mama, halina breki!"

Spana alimdaka mkono, lakini muhuri ulikuwa umeshagongwa kwenye cheti.

Honi ikakatika. Cheti kikateleza mezani na kutoweka. Taa zikawaka, mashine zikarudi, na mngurumo wa gari lisiloonekana ukaondoka taratibu kuelekea getini, ukasimama hapo kungoja mlinzi afungue. Hata jini lile lilifuata utaratibu.

Ndipo akili ilipomrudia msimamizi. Nje ya geti ni mteremko mkali, na kwenye mteremko ule kulikuwa na magari sitini yenye watu ndani. Alitoka kwa mlango mdogo, akavua viatu, akakimbia akigonga madirisha.

"Shukeni! Tokeni kwenye magari, tafadhali, kuna gari linakuja halina breki!"

"Tutoke ili wa nyuma watupite?" mama mmoja wa pikapu alicheka. "Dada, nipo hapa tangu saa kumi alfajiri. Sitoki ng'o."

"Naapa, mtakufa!"

"Ujanja huo tumeshauzoea," mwingine akasema, akafunga mlango kwa ufunguo.

Mmoja baada ya mwingine wakapandisha vioo na kusogeza magari mbele, karibu zaidi na geti. Juu kilimani honi ilianza tena, ikang'ang'ania, mpaka mlinzi ilipomchosha akafungua.