Alhamisi ya Ndevu

Katika nyumba ya kutunzia wazee, Alhamisi ilikuwa siku ya ndevu. Mlezi mmoja alikuwa na mkono mwepesi kuliko wenzake wote, na wazee walimwita Wembe. Kila Alhamisi, baada ya chai, alibeba beseni la maji ya moto, sabuni na taulo safi. Kila mzee alikuwa na wembe wake. Upande wa wanaume, mbali na ule wa kina bibi, Wembe alianza chumba namba moja, akaishia namba tano.

Namba tano alikaa baba yake mzazi. Wembe alimweka mwisho kwa makusudi, maana hapo hakutaka haraka. Mama alikwisha kufariki, na miguu ya baba ilikuwa imekataa ngazi za nyumbani. Ndiyo maana waliona heri akae pale, karibu na binti yake.

"Nilikuzaa ili uninyoe," mzee alimtania kila wiki.

"Nami nilizaliwa ili nisikilize malalamiko yako," Wembe alijibu.

Ijumaa ilikuwa siku ya wageni. Kwa hiyo kunyolewa Alhamisi hakukuwa mchezo. Hakuna mzee aliyetaka mwanawe amkute na ndevu za wiki nzima.

Alhamisi moja, Wembe aliamka koo linamwasha na mwili mzito. "Ni vumbi tu," alijiambia. Alikunywa maji ya moto, akaenda kazini. Alipofika mlangoni alikohoa, akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia. Boksi la barakoa lilikuwa pale pale mezani. Lakini angevaa barakoa, msimamizi angemuuliza anaumwa nini. Angemrudisha nyumbani. Na wazee wangenyolewa na nani?

Alianza na namba moja kama kawaida. Humo alikaa mzee aliyeshona nguo za watu kwa miaka arobaini. Wote walimwita Fundi. Futi yake ya kupimia nguo bado ilining'inia shingoni, ingawa cherehani aliiacha zamani.

"Ninyoe vizuri, mwanangu," Fundi alisema. "Kesho kijana wangu anakuja. Miezi minne sijamwona. Asinikute kama kichaka."

Kunyoa si kazi ya kufanyia mbali. Uso wa Wembe na uso wa Fundi zilitengana kwa shubiri moja tu.

"Mbona macho mekundu?" Fundi aliuliza.

"Usingizi, mzee wangu."

Akamnyoa. Akaenda namba mbili, namba tatu, namba nne. Mwisho akamnyoa baba yake. Hakuna aliyejua kuwa ana mafua, na yeye hakusema.

Ijumaa kijana wa Fundi alikuja, wakakaa wakicheka mpaka saa kumi. Jumamosi Fundi hakugusa chakula. Mpishi aliandika kwenye daftari la jikoni: "Namba moja hakula." Jumapili, mzee wa namba mbili alianza kumwita mkewe aliyefariki zamani. Muuguzi alimpima joto, akaandika kwenye daftari la dawa: "Amechanganyikiwa. Hana homa." Jumatatu, mzee wa namba tatu alianguka akienda msalani. Jambo hilo likaandikwa kwenye daftari la ajali.

Madaftari yalikuwa matatu, na kila moja lilikaa kabati lake. Kila aliyeandika aliona mzee mmoja aliyechoka. Wazee huchoka, basi, nani atashangaa?

Jumanne asubuhi Fundi alipumua kwa shida, wakamkimbiza hospitali. Alasiri simu ikalia ofisini. Msimamizi wa nyumba aliisikiliza amesimama, kisha akakaa chini. Fundi alikuwa amefariki. Hospitali ilisema ni mafua makali, yale ya virusi.

Wembe alikuwa anakunja mashuka aliposikia. Alimlilia Fundi kweli, kwa uchungu. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na swali, na swali lile lilimtisha kuliko msiba wenyewe. Kikohozi chake kilikuwa kimekwisha siku mbili zilizopita. Akajiambia kwamba hakuna haja ya kukitaja.

Jioni ile msimamizi alikumbuka kuwa mtoto wa mpishi alikuwa na mafua wiki iliyopita.

"Nenda nyumbani," alimwambia mpishi. "Ugonjwa huu umetoka kwako."

"Mimi sijakohoa hata mara moja!" mpishi alilalamika.

Alivua aproni yake mbele ya wenzake, akaondoka. Wembe alimwona akitoka. Akanyamaza.

Jumatano asubuhi alifika afisa wa afya. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye begi kubwa kuliko yeye. Kabla hajamaliza kuvaa barakoa yake, wazee walikuwa wamekwisha kumpa jina la Bwana Afya.

Bwana Afya aliomba madaftari yote matatu. Akabandika karatasi kubwa ukutani mwa chumba cha kulia. Akachora vyumba, jiko na meza ya chakula. Kila aliyeumwa akamwekea alama nyekundu na tarehe.

"Madaftari yenu yaliujua ugonjwa huu tangu Jumapili," alisema. "Tatizo ni kwamba hayakukutana. Wazee wawili wakiugua ndani ya siku tatu, hiyo si bahati mbaya. Hapo mnatupigia simu, tunapima siku hiyo hiyo."

"Lakini hawakuwa na homa!" msimamizi alisema. "Tuliwapima joto wote."

"Mwili wa mzee haupandi joto kwa urahisi kama wa kijana, mama. Anaweza kuumwa sana akawa baridi. Basi tazameni mengine. Ameacha kula. Anasinzia mchana. Amesahau alichokijua jana. Ameanguka. Mkiyaona hayo, msiseme ni uzee. Ulizeni ni ugonjwa gani."

Msimamizi aliandika maneno yale. Kisha akasema, "Namba nne na namba tano ni wazima. Nimewaambia wafunge mizigo. Nawahamishia upande wa kina bibi, mbali na wagonjwa, wasije wakaambukizwa."

"Tungojee kidogo," Bwana Afya alisema. "Hapa mko watu ishirini. Leo nina vipimo kumi tu. Vingine vitafika kesho. Lazima nijue nianze na nani, na ndiyo maana nachora."

Akauliza wafanyakazi mmoja mmoja kama wameumwa. Zamu ya Wembe ikafika.

"Jumapili koo liliniuma kidogo," alisema akitazama sakafu. "Nadhani nilipata kwa Fundi."

Bwana Afya akaandika. Kisha akawageukia kina bibi. Walikuwa saba, na hakuna hata mmoja aliyeumwa.

"Nyinyi mnakula na wanaume meza moja?"

"Meza moja, tena sahani zinagusana," alijibu Bibi Redio. Aliitwa hivyo kwa sababu redio yake haikuzimwa, na yeye pia hakuzimika.

"Basi siwezi kulilaumu jiko. Lingekuwa jiko, nanyi mngeumwa. Wanaume hawa wanafanya jambo gani ambalo nyinyi hamfanyi?"

"Wananyolewa ndevu," Bibi Redio alisema. "Sisi zetu hazijaota bado."

Watu walicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wembe hakucheka.

Bwana Afya alitazama ukuta. Namba moja, Jumamosi. Namba mbili, Jumapili. Namba tatu, Jumatatu. Alipouliza nani hunyoa, watu wote walimtazama Wembe.

"Dada yangu," alisema polepole, "siulizi nikufunge. Nauliza nijue pa kwenda. Kama uliumwa Jumapili, huenda namba nne na namba tano hawajaguswa. Nitavipeleka vipimo jikoni na kwa wageni wa Ijumaa. Kama uliumwa kabla ya kunyoa, wote watano wameguswa, na hawa wawili huenda wanaubeba ugonjwa sasa hivi. Tukiwahamisha, tunaupeleka kwa kina bibi."

Baba yake Wembe alikuwa ameketi karibu na mlango, mfuko wa nguo magotini, akingoja kuhamishwa. Alikuwa amevaa shati nje ndani. Chai yake ilikuwa mezani, imepoa, hajaionja. Mzee yule hakuacha chai hata siku ya kumzika mkewe.

Wembe aliliona shati. Tangu asubuhi alikuwa ameliona, akajifanya halioni.

"Alhamisi," alisema.

"Nini?" msimamizi aliuliza.

"Koo liliniwasha Alhamisi asubuhi, kabla sijatoka nyumbani. Niliwanyoa wote nikiwa naumwa. Sikuvaa barakoa." Akamtazama baba yake. "Fundi alikuwa anamsubiri mwanawe. Niliogopa kurudishwa. Na jana niliogopa zaidi, nikamwacha mpishi abebe mzigo wangu. Mpime baba. Tafadhali, mpime baba kwanza."

Hakuna aliyemfokea. Bibi Redio alizima redio yake. Bwana Afya alifuta Jumapili kwenye karatasi, akaandika Alhamisi, akafungua begi.

Kipimo chenyewe kilikuwa kijiti chembamba chenye pamba nchani. Alikiingiza puani, akakizungusha taratibu.

"Unachimba nini humo?" baba aliuliza. "Mafuta?"

Walingoja dakika kumi na tano. Mstari mmoja ungekuwa salama. Mistari miwili, ugonjwa. Namba mbili na namba tatu walitoka na mistari miwili. Namba nne, ambaye hakuwa na dalili yoyote, mistari miwili. Baba, mistari miwili. Wembe mwenyewe, mistari miwili, wa pili hafifu. Mpishi alipimwa nyumbani kwake mchana ule. Mstari wake ulikuwa mmoja.

Mifuko ya nguo ikafunguliwa. Wanaume wote walibaki upande wao na mlezi wao mmoja, asiyevuka kwenda kwa kina bibi. Madirisha yalifunguliwa, barakoa zikavaliwa, mikono ikaoshwa kila baada ya kumgusa mtu. Wageni wa Ijumaa walipigiwa simu mmoja mmoja. Wagonjwa walianza dawa ya virusi siku ile ile.

"Dawa hii hufaa zaidi ikiwahi, siku mbili za mwanzo," Bwana Afya alieleza. "Baba yako imemwahi."

Wembe aliambiwa akae nyumbani mpaka apone kabisa. Alimuaga baba akiwa mlangoni, bila kumgusa.

"Nani ataninyoa?" mzee aliuliza.

"Utakaa nazo kwanza, baba."

Siku mbili baba hakujua yuko wapi. Muuguzi alimpigia Wembe simu asubuhi na jioni, na kila ilipolia aliiwahi kabla haijalia mara ya pili. Siku ya sita simu ililia, akasikia sauti aliyoizoea.

"Chai ya huku imekuwa maji matupu," baba alisema. "Njoo uwaambie."

Wembe aliweka simu kifuani akalia. Namba mbili, tatu na nne pia walipona. Kina bibi walipimwa wote mara mbili, na hakuna aliyeambukizwa.

Aliporudi kazini alianzia jikoni. Mpishi alikuwa anamenya vitunguu.

"Ulinitazama nikivua aproni," mpishi alisema bila kuinua macho.

"Nilikutazama. Nisamehe, kaka."

Mpishi alimenya vitunguu vingine viwili. "Shika kisu," alisema mwishowe. "Usaidie."

Kijana wa Fundi alikuja kuchukua vitu vya baba yake. Wembe alimpeleka chumba namba moja, akamweleza yote, hakuficha neno. Kijana alisikiliza akiizungusha ile futi vidoleni.

"Siku ile nilimkuta amependeza," alisema. Hakusema amesamehe. Aliikunja futi, akaitia mfukoni, akaondoka. Wembe alibaki akitandika kitanda ambacho hakikuwa na mtu.

Tangu hapo nyumba ile ina daftari moja, mezani karibu na mlango. Humo huandikwa asiyekula, anayesinzia, aliyeanguka na anayekohoa, wazee na wafanyakazi pamoja. Kila zamu inapobadilika, linasomwa kwa sauti. Mfanyakazi mwenye kikohozi hupiga simu na kubaki nyumbani, wala haulizwi kwa ukali. Mpishi na muuguzi walijifunza kunyoa, ingawa wazee wanadai mpishi ananyoa kama anayemenya viazi.

Msimu wa baridi uliofuata, bibi wawili waliacha kula siku moja. Daftari lilisema, msimamizi akapiga simu, vipimo vikafika kabla ya chakula cha mchana. Waliugua hao wawili tu, wakapona wote.

Kisha ikafika Alhamisi nyingine ambayo Wembe aliamka koo linamwasha. Alikaa kitandani kidogo. Akampigia msimamizi, jina lake likaandikwa daftarini. Halafu akampigia baba.

"Siji leo, baba. Koo."

"Kesho ni siku ya wageni," mzee alisema. "Muuguzi yuko likizo. Unataka mpishi anichune?"

"Basi baki na ndevu zako."

Wembe alimsikia akipumua, pumzi nzima, ya mtu mzima wa afya.

"Lala, mwanangu," mzee alisema. "Ndevu hungoja. Hata Fundi angekuambia hivyo."