Sauti ya Kuazima

Jumamosi hiyo skrini ilionyesha watu kumi na wanne, lakini Mratibu alipohesabu majina alipata kumi na matatu. Akahesabu tena kwa kidole, kuanzia juu kushuka chini, na kumi na matatu yakabaki kumi na matatu. Kisanduku cha mwisho kilikuwa cheusi tii. Hakikuwa na jina wala picha, wala zile herufi mbili ambazo kompyuta humbandika mtu mvivu wa kujiandikisha. Alitaka kuuliza ni nani huyo, kisha akaacha. Mwenye jukwaa la fasihi mtandaoni hana ubavu wa kumfukuza msikilizaji wa kumi na nne.

Na kwa kweli yeye mwenyewe ndiye aliyemwingiza. Kila wiki alikuwa akiwapitisha watu mmoja mmoja kutoka chumba cha kusubiri, akisoma jina la kila mmoja. Siku hiyo sufuria ilikuwa jikoni inataka kuungua, akabonyeza "Ruhusu wote" na kukimbia.

Alikuwa amesahihisha makosa ya wenzake gazetini kwa miaka kumi na minane, hadi gazeti lilipojifia. Jukwaa alilianzisha kwenye kona ya chumba cha kulala, kati ya kabati na dirisha, shuka jeupe likitundikwa nyuma yake kuficha nguo zisizokunjwa. Kwa miaka sita waandishi wenye majina mjini walimwahidi kuja, na kwa miaka sita wakaishia kumtumia alama ya kidole gumba kwenye simu. Mume alikuwa na nyumba nyingine mtaa wa pili. Aliyebaki ni binti yao wa miaka kumi na mmoja, aliyeitwa Chiriku kwa sababu aliongea tangu anafumbua macho mpaka anapoyafumba, akisimulia, akiiga watu, akiuliza maswali bila kungoja majibu. Mratibu alimpenda mno. Pia alikuwa na kinyongo na dunia nzima, na kinyongo hicho alikilisha vizuri kuliko alivyojilisha mwenyewe.

Jukwaa lake lilikuwa na desturi moja ambayo usingeikuta kwingine. Mwenye haya, au mwenye mtandao wa kukatikakatika, alituma kazi yake na mwenzake akamsomea. Kabla ya kuanza, msomaji alitamka: "Nakuazima sauti yangu mpaka ukurasa wako uishe." Mratibu ndiye aliyeyatunga maneno hayo, na aliyaonea fahari kuliko chochote alichowahi kuandika.

Saa kumi na robo, kisanduku cheusi kikaandika ujumbe.

"Sina sauti. Nani ataniazima?"

"Lete, mgeni, mimi nipo," akadakia Radi. Huyo alikuwa mwigizaji mstaafu wa redio, na jina hilo alipewa kwa ngurumo ya koo lake. "Nakuazima sauti yangu mpaka ukurasa wako uishe."

Ulikuwa ukurasa mmoja. Ulisimulia juu ya mtu aliyesimama nje ya mlango, akisikia wenye nyumba wakila na kucheka, asifunguliwe. Ulikuwa mzuri wa kuumiza. Radi akasoma, akasoma, na kila alipofika chini mistari mingine ilikuwa imeshapanda. Dakika arobaini zikapita. Sauti ikaanza kumkwaruza, naye hakuomba hata maji. Chumbani kwa Mratibu kukaingia harufu ya vitabu vilivyolowa na kufungiwa stoo.

"Mama," Chiriku akaita kutoka mlangoni, "nini kinanuka?"

"Funga mlango, niko kwenye kikao."

Saa kumi na moja ilipogonga, Mratibu akafanya alichofanya kila Jumamosi, maana kwa suala la muda alikuwa mkali. "Samahani, mgeni wetu, tutaendelea wiki ijayo," akasema, na kufunga kikao. Ukurasa haukuwa umeisha.

Jumatatu mke wa Radi alipiga simu, akinong'ona kana kwamba kuna anayemsikiliza.

"Shoga, Radi hasemi."

"Amepata mafua?"

"Hasemi kabisa. Anafungua mdomo, hakitoki kitu, hata kikohozi. Daktari kamulika koo lote, anasema ni zima. Lakini jana nimemsikia, jamani. Nilikuwa naanua nguo nyuma, nikamsikia anasoma. Nikaingia mbio, nikamkuta amekaa kitini, mdomo kaufumba, analia."

Wiki iliyofuata walikuja arobaini, maana sifa za usomaji ule zilikuwa zimezagaa. Kabla Mratibu hajamaliza kukaribisha, taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye kisanduku cheusi, na ngurumo ya Radi ikasema, "Hamjambo, wenye nyumba." Watu wakamwaga pongezi. Radi, leo umejipita! Radi, mzee wa kazi! Radi mwenyewe alikuwa kwenye kisanduku chake, safu ya pili, kamera wazi, amejishika koo kwa mikono miwili, na mkewe nyuma akimvuta bega atoke. Hakuna aliyemwangalia, kwa kuwa wote walikuwa wamefumba macho wasikilize vizuri.

Mratibu alimwona. Tusimsafishe: alimwona. Kisha akatazama juu ya skrini, akaona hesabu ikipanda kutoka arobaini hadi sitini, akaacha kikao kiendelee.

Mgeni akaomba tena sauti, akadai hii ya kwanza imechoka. Mwalimu mmoja wa chekechea akamwazima yake, laini ya kubembelezea watoto. Muda ukaisha, ukurasa haukuisha, na Jumatatu watoto wa chekechea wakamkuta mwalimu wao anawaonyesha herufi kwa kidole huku machozi yakimtiririka. Jumamosi iliyofuata sauti mbili zilipokezana kutoka kisanduku kimoja na wasikilizaji walifika mia na themanini. Kamati ya wiki ya sanaa ya mji, ileile iliyokuwa haijibu barua zake, ikamwandikia kwa heshima na taadhima: wangependa kilele cha wiki kifanyike kwenye jukwaa lake.

Aliisoma barua mara nne, akaenda kulia bafuni. Kesho yake, Ijumaa, alikwenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mama wa makamo mwenye duka la miwani. Waliokwenda kwake kwa ajili ya macho walirudi na miwani, na waliokwenda kwa mengine walipitishwa nyuma ya pazia. Alimsikiliza Mratibu huku akifuta kioo kwa kitambaa.

"Huyo ni jini," akasema kwa sauti ya chini. "Na wala hakuiba, mwanangu. Mmempa. Mmeahidi wenyewe, kwa midomo yenu, mbele ya mashahidi, tena mkaweka na mpaka: ukurasa ukiisha. Wake hauishi."

"Nitamtoaje?"

"Kwa mkono uleule uliomwingiza. Mtamkie kwamba hakaribishwi, kisha mwondoe. Atatoka. Ila atatoka na alichoshika, na kilichotoka naye hakirudi. Kwa hiyo mfunge nje leo hii, kabla hajashika kingine."

"Mama, nikimtoa baada ya kesho?"

"Kesho kuna nini?"

"Kilele cha wiki ya sanaa."

Mganga akaiweka miwani mezani. "Basi umekuja kuniaga," akasema. "Hukuja kutibiwa. Nenda."

Jumamosi saa kumi walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Mratibu alikuwa amepaka wanja na kulinyoosha shuka la nyuma kwa pasi. Jua lilipiga dirishani, watoto walicheza mpira chini barabarani, na ndani ya chumba kile cheupe cha mchana harufu ya vitabu vilivyolowa ilikuwa nzito kiasi cha kuhisiwa ulimini. Chiriku aliambiwa akae sebuleni. Hakukaa, alijipenyeza akaketi ukingoni mwa kitanda, kwa sababu mama yake hakuwahi kuwa na wageni wengi hivyo naye alimfurahia.

Sauti ya Radi ikaanza, ikakwaruza, ikakatika. Ya mwalimu ikaingia, ikakatika nayo. Ujumbe ukatokea.

"Zimechoka. Nani ataniazima?"

Hakuna aliyejibu. Minong'ono ilikuwa imeanza mjini, na watu mia tatu wakawa wanatazamana kwenye visanduku vyao, kila mmoja akimngoja mwingine. Dakika nzima ikapita. Mwenyekiti wa kamati akaandika: "Mratibu, tumekwama?" Hesabu ikashuka: mia tatu na tano, mia mbili na tisini.

"Mama," Chiriku akanong'ona sikioni mwake, "mbona hawamsaidii? Masikini, hana sauti."

"Nyamaza. Rudi sebuleni."

"Mimi naweza kusoma vizuri tu."

Mtoto akainama mbele ya kompyuta, akasema, "Nakuazima sauti yangu," na mkono wa Mratibu ulikuwa tayari juu ya kipanya, mshale umekaa pale pale kwenye alama ya kuzima kipaza sauti, kidole kimegusa kitufe, akijua barabara maneno gani yanafuata kwa kuwa aliyatunga yeye, akimwona Radi safu ya pili akitikisa kichwa kwa nguvu na kuupiga mdomo wake kwa kiganja, akiona pia kwamba hesabu imesimama, kwamba imeanza kupanda, mia tatu, mia tatu na ishirini, na mwenyekiti wa kamati ameandika "Mashallah, mtoto huyu!", na kidole chake, kidole cha msahihishaji ambacho hakijawahi kupitisha kosa, kikakaa juu ya kitufe bila kukandamiza, muda mfupi tu, muda wa kuvuta pumzi moja, "mpaka ukurasa wako uishe."

Chiriku akasoma. Alisoma vizuri ajabu, na macho yake hayakupepesa. Mistari ikapanda na yeye akaifuata, akapita mlango ule wa nyumba ile, akapita wanaokula, akapita wanaocheka, na sasa mtu wa nje alikuwa ameingia na anawataja waliomo mmoja mmoja kwa yale wanayoyaficha, na midomo ya mtoto ilianza kukauka na kupasuka, na alipotaka kumeza mate hakupewa nafasi, na Mratibu akamshika mabega amvute akamkuta mzito kama kabati, akamziba mdomo kwa kiganja na sauti ikaendelea kutoka, si mdomoni tena bali kwenye spika, safi, changa, yenye furaha, huku pumzi ya mtoto ikigonga kiganja chake bila neno lolote ndani yake.

"Hukaribishwi!" Mratibu akapiga kelele. "Toka! Hukaribishwi hapa!" Akabonyeza "Ondoa".

Kisanduku kikatoweka. Harufu ikakatika papo hapo, na zikabaki kelele za mpira barabarani. Mganga alikuwa amesema kweli yote.

Chiriku akageuka, akafungua mdomo kumwambia mama yake kitu. Akafungua tena. Kisha akajishika koo, na Mratibu akamkumbatia ili asimwone uso.

Kamati iliandika kwamba amemtukana mgeni maalumu hadharani. Wengine wakasema ni wivu wa mtu asiyefika popote. Jukwaa likafa. Hospitali wakamulika koo na kusema ni zima, na ndugu wote waliouliza ilikuwaje, Mratibu aliwajibu kwa maneno yaleyale: nilichelewa, mtoto ana haraka, sikuwahi. Aliyasema mara nyingi hadi akayaamini.

Mwezi wa tatu baada ya hapo likafika tangazo la jukwaa jingine la mjini, kubwa, lenye wasikilizaji elfu na zaidi. Walikuwa na mgeni asiye na jina, mwenye sauti tatu. Mratibu akaingia, akafungua kipaza sauti, akawaambia kila kitu. Wakamwondoa kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Wiki iliyofuata akajiandikisha kwa jina la uongo. Akaomba ruhusa, akangoja kwenye chumba cha kusubiri, akaingizwa. Safari hii hakusema neno. Angesema, wangemwondoa, na hakuna mahali pengine duniani ambapo angemsikia mwanawe. Akawa anahudhuria kila Alhamisi, hakosi. Mgeni alipoomba sauti mpya, na msichana mmoja mwenye kichanga mgongoni akanyoosha mkono, Mratibu aliinamisha uso mpaka maneno yakaisha kutamkwa.

Alhamisi moja Chiriku akaja akaketi kando yake. Mratibu alitaka kufunga kompyuta; mtoto akamzuia. Wakasikiliza pamoja ile sauti changa ikisoma, ikacheka mahali, ikaendelea. Chiriku aliisikiliza ametulia, hana machozi. Kikao kilipofika katikati akachukua kalamu na daftari ambalo sasa alitembea nalo kila mahali, akaandika taratibu kwa mwandiko wake mzuri, kisha akalisukuma mbele ya mama yake.

"Mkono wako ulikuwa pale pale. Niliuona."

Mratibu akafungua mdomo. Alikuwa na sauti yake nzima. Akainamisha uso juu ya daftari.