Mshono Bila Fundo

Kitu cha kwanza nilichokiona ni tundu jipya kwenye mkanda wa Kaka.

Halikuwa tundu la dukani. Lilikuwa mbali na mengine, na kingo zake zilichanika. Nilijua limetobolewa kwa sindano ya magodoro. Nikawaza, Kaka amekonda mpaka mkanda umemshinda. Lakini sikusema kitu. Mimi ni mtu wa kuona, si mtu wa kusema. Hata nyumbani wananiita Kimya.

Sisi ni mafundi wa magodoro na mito ya sufi. Chumba cha mbele ndicho karakana yetu. Mama anachambua sufi na kutoa mbegu. Mimi nashona mifuko kwa cherehani. Baba na Kaka wanashindilia sufi ndani ya mifuko, kisha wanashona mdomo kwa mkono. Madirisha tunayafunga tangu asubuhi, maana sufi ni nyepesi mno. Upepo kidogo tu, inapaa.

"Haya, fungua dirisha," Baba hupenda kusema, "uone godoro la watu linavyokwenda kutembea!"

Basi tulikaa humo ndani, madirisha yamefungwa, tukishona na kutaniana. Na Kaka akikohoa.

"Vumbi la sufi hilo," alisema Mama.

"Vumbi tu," alisema Baba.

"Vumbi," alisema Kaka, akakohoa tena.

Lakini sote tulikumbuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Mwaka uliotangulia Kaka aliugua kifua kikuu. Alipewa dawa za miezi sita katika kituo cha afya. Miezi miwili ya kwanza alikunywa vizuri. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Halafu akapata kazi kwa mteja wa mbali. Alipopigiwa simu na kituo, alisema dawa anachukulia huko huko. Hakuchukua. Alikuwa ameacha.

"Godoro likishajaa unaacha kushindilia," alituambia. "Ukizidisha, linapasuka. Mimi nimejaa. Tazameni mashavu haya!"

Tulicheka sana. Tena tuliona amesema la maana. Sisi mafundi wa magodoro tungefikiri vipi vingine?

Sasa mashavu yale hayakuwepo.

Asubuhi moja jirani yetu Nesi alikuja kuchukua mto wake. Nesi anafanya kazi kituo cha afya, na anakaa mkabala na kwetu. Alisimama mlangoni, akamsikiliza Kaka akikohoa mpaka akamaliza.

"Fundi, kikohozi hicho kina muda gani?"

"Siku mbili tatu, Dada."

Mimi nikatikisa kichwa.

"Kimya anasema hapana," alisema Nesi.

"Kimya hajasema neno!"

"Kichwa chake kimesema. Je, kimezidi wiki mbili?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anatoka jasho usiku?"

Nikaitikia tena. Kila asubuhi mimi ndiye niliyeanika mto wake juani, na kila asubuhi ulikuwa umelowa.

"Ama kweli," alisema Kaka, "kumbe nimekaa na polisi, nikidhani ni mdogo wangu!"

Nesi hakucheka. Alimwambia aende kituoni kesho yake na kutoa makohozi. "Si mate, Fundi. Yatoke ndani ya kifua. Na vaa barakoa."

Majibu yalipotoka, Nesi alikuja nayo nyumbani kwetu. Alituomba tukae uani, kwenye hewa. Kaka alikaa pembeni, barakoa usoni.

"Kifua kikuu kimerudi," alisema. "Na safari hii mashine imeonyesha kuwa dawa zile za mwanzo hazikiwezi. Hiki kinaitwa kifua kikuu sugu."

Mama alishika mdomo. Baba akasimama.

"Hazikiwezi vipi? Dawa si zile zile zilizomponya?"

Nesi alitazama huku na huku. Godoro moja lilikuwa limeegemezwa ukutani, mshono wake bado una uzi unaoning'inia. Aliushika uzi ule akauvuta. Mshono ukafumuka, tr-r-r, na sufi ikachungulia nje.

"We! Nesi!" Baba alipiga kelele. "Hilo ni la mteja!"

"Mbona limefumuka, Mzee? Si lilikuwa limeshonwa?"

"Limeshonwa, lakini sijafunga fundo!"

"Basi ndicho alichofanya mwanao," alisema Nesi taratibu. "Alishona vizuri, akaacha kabla ya fundo."

Nesi akaendelea.

"Sikilizeni. Ukianza dawa, vijidudu dhaifu vinakufa kwanza. Kikohozi kinapungua, unanenepa, unajiona umepona. Lakini ndani vimebaki vile vigumu. Ukiacha dawa, vigumu hivyo vinazaana. Ukirudia dawa ile ile, haiviwezi tena. Na ukimwambukiza mwingine, unampa hivyo hivyo vigumu tangu siku ya kwanza."

Kaka aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo ndiyo basi, Dada? Nimekwisha?"

"Nani kasema? Kuna dawa nyingine. Ni vidonge, sindano hakuna. Daktari amekupangia miezi sita. Wengine hupangiwa zaidi. Wengi wanapona, Fundi. Lakini hizi usizichezee. Nyuma yake hakuna nyingi zilizobaki."

Moyo wangu ulidunda kama cherehani inayokimbia. Wengi wanapona! Nilitamani kuruka.

Jioni hiyo Mama alitenga sahani, kikombe na kijiko cha Kaka kwenye ndoo yake. Kesho yake Nesi aliviona.

"Hivi ni vya nini, Mama?"

"Si tusiambukizwe?"

"Mama, kifua kikuu hakikai kwenye sahani. Kinapita kwenye hewa. Mgonjwa anakohoa, vijidudu vinaelea, mwenzake anavuta. Vinapenda chumba kilichofungwa." Kisha akanyoosha kidole. "Adui wenu ni hayo madirisha."

"Hapo sasa!" alisema Baba. "Nikifungua, sufi yote inahamia kwa majirani. Tutakula nini?"

"Na ukifunga, Mzee?"

Nilimwona Baba anatazama madirisha, anamtazama Kaka, anatazama madirisha tena.

Wazo likanijia. Lilinijia kwa nguvu mpaka masikio yakapata moto. Lakini kulisema? Mbele ya wote? Nikakimbia chumbani. Nikang'oa chandarua changu cha zamani, kile kikubwa, nikakitundika uani kwenye kamba za kuanikia nguo. Nikabana pembe zake chini kwa mawe. Nikachukua fumba la sufi, nikaingia ndani, nikairusha juu kwa mikono miwili.

Sufi ikaruka. Ikagonga chandarua. Ikarudi kunidondokea kichwani.

Upepo ulikuwa unapita vizuri kabisa, na sufi haitoki!

"Lo!" alisema Mama.

"Kimya, mwanangu!" Baba aliingia humo kwa magoti, naye akarusha fumba lake kama mtoto. "Mama yake, njoo uone! Inarudi yenyewe!"

Nilicheka mpaka machozi. Ndevu za Baba zilikuwa nyeupe kabisa kwa sufi. Tangu siku hiyo kazi yote ya sufi tukaifanya uani, na madirisha ya nyumba yakakaa wazi. Wapita njia walituchungulia.

"Jamani, humo ndani kuna bwana harusi?"

"Yumo," Baba aliwajibu, "anasubiri godoro!"

Sisi nasi tulipimwa, mmoja mmoja. Hatukukutwa na ugonjwa. Nesi alituambia tukianza kukohoa turudi upesi, tusisubiri. Kaka alipewa chumba cha pembeni chenye dirisha kubwa. Mchana alikaa barazani, mbali kidogo, akitupigia kelele, "Shindilia pembeni! Hiyo pembe itakuwa kama sikio la mbuzi!"

Kisha Nesi aliuliza nani atamsimamia Kaka anapokunywa dawa. Mama ana huruma, angemwachia. Baba ana hasira, wangegombana. Wote wakanitazama mimi.

"Kimya?" alisema Kaka. "Atanilazimishaje na haongei?"

Nilifanya hivi. Kila asubuhi akishakula, niliketi mbele yake na vidonge kwenye kisahani na kikombe cha maji. Nikamtazama. Basi. Akisema "baadaye", namtazama. Akisema anaenda chooni, namsubiri mlangoni; akitoka, namtazama.

"Afadhali ungenitukana," alisema siku moja, akameza vyote kwa mkupuo.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine alitapika. Baadaye miguu ikaanza kumfa ganzi, kama anakanyaga sindano. Zamani angeacha dawa kimyakimya. Sasa nilimshika mkono tukaenda kituoni siku hiyo hiyo. Daktari akapunguza dawa moja, akampima damu na macho.

"Umefanya vizuri kuja," daktari alimwambia. "Dawa ikikusumbua, niambie mimi. Usijipunguzie mwenyewe."

Wiki zikapita. Makohozi yalipimwa tena na tena. Siku moja Nesi alivuka barabara akikimbia, kiatu kimoja kikachomoka mguuni, hakukiokota.

"Makohozi ni safi! Daktari anasema sasa huambukizi, Fundi! Rudi kazini!"

Kaka alirudi na nguvu kama za watu wawili. Na hapo ndipo hatari ilipoingia tena.

Matroni wa shule moja ya bweni alikuja na oda kubwa ya magodoro. Tulifanya kazi kama siafu. Magodoro yalipokuwa tayari, lori lilikuja. Kaka alitakiwa kuondoka nalo, akakae huko siku kadhaa akiyapanga na kurekebisha vitanda. Nikamwona anafunga begi. Nikaona pakiti ya dawa imebaki juu ya meza.

Nilimwonyesha kwa kidole.

"Zinanitapisha garini," alininong'oneza. "Tena matroni ataniona. Atasema nini? Siku chache tu, Kimya. Mbona nimeshajaa? Nikirudi naendelea."

Nimeshajaa. Maneno yale yale!

Nilichukua pakiti na kikombe cha maji. Nikapanda juu ya lori. Nikapanda juu ya magodoro, mpaka juu kabisa, nikakaa.

"Binti, shuka!" alisema dereva. Akapiga honi.

Sikushuka.

"Huyu binti ana nini?" aliuliza matroni. Sauti yake ilikuwa ya kuamsha bweni zima.

"Hana kitu," alisema Kaka. "Kimya, shuka, unaniaibisha."

Nikamtazama. Watu walianza kukusanyika. Baba alitoka, Mama alitoka. Dereva akapiga honi tena. Uso wangu uliwaka, nilitaka kufa kwa aibu, lakini kama ningeshuka nilijua Kaka ndiye angekufa. Nikainua pakiti juu, watu wote waione.

Kaka alisimama pale. Kisha akatupa begi chini, akapanda juu ya magodoro mpaka nilipo. Akameza vidonge vyote, akanywa maji, akafungua mdomo ili nione.

"Umeridhika, polisi?"

Akageukia watu.

"Ni dawa ya kifua kikuu sugu. Mwaka jana niliacha dawa za mwanzo, ugonjwa ukataka kuniua. Nimeshapimwa, siambukizi tena. Lakini hizi nazinywa mpaka mwisho."

Matroni alishika kiuno.

"Na magodoro yangu?"

"Ugonjwa huu haukai kwenye godoro, Mama. Unapita kwenye hewa. Na hata hewa yangu sasa ni safi."

"Basi ungesema mapema!" alifoka matroni. "Mdogo wangu alipona kwa dawa hizo hizo. Kila asubuhi utazinywea jikoni kwangu, baada ya uji, mimi nimesimama hapo. Na ukitaka kutapika, dirisha la lori ni lako. Dereva, twende!"

Watu wakapiga makofi. Mama alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Nesi aliposikia, alipanga awe anampigia Kaka simu ya picha kila asubuhi, amwone anameza. Nami niliruka kutoka juu ya lori. Baba akanidaka.

Kaka alirudi salama, na pakiti ilikuwa imepungua ipasavyo.

Ikafika siku ya mwisho. Tulikwenda kituoni wawili, mimi na yeye. Daktari alitazama picha ya kifua, akatazama majibu ya makohozi, akavua miwani.

"Umemaliza. Umepona. Utakuja tukuangalie mara kwa mara, lakini dawa basi."

Kaka alimkumbatia daktari. Akamkumbatia Nesi. Akamkumbatia mlinzi wa getini, ambaye hakujua hata kwa nini. Njiani alisimamisha watu tusiowajua. "Nimepona! Nimemaliza dawa zote!" Muuza karanga akasema, "Hongera, baba, na karanga je?" Akacheka, akacheza katikati ya njia, suruali ikimkaa vizuri. Mimi nilimfuata nyuma, nikikimbia ili nisiachwe.

Mara akasimama akanigeukia.

"Na wewe? Hufurahi? Leo sema neno moja basi, Kimya. Moja tu!"

Nilifungua mdomo. Nilidhani litatoka neno la furaha. Likatoka lile nililokuwa nimelibeba miezi yote ile bila kumwambia mtu.

"Kaka, mimi nilikuwa nimeshakulilia. Bafuni, maji yakimwagika, msinisikie. Nilikulilia kama mtu aliyekwisha kufa. Usinifanye nikulilie mara ya pili."