Kiu ya Doña Hermelinda

Chokaa ina mahali pake. Mahali pake ni jikoni, katika chungu ambamo Nicanora mpishi huloweka mahindi jioni ili yasagike vizuri asubuhi. Kwa hiyo Refugio alipoingia sebuleni baada ya chakula cha mchana, akakuta harufu ya chokaa mbichi imejaa mpaka kwenye mapazia, alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Chungu hakikuwapo. Vilikuwapo viti vya mahameli, picha kubwa ya shemeji yake ukutani, na maua meupe katika jagi la kioo. Maua hayo aliyapanga mwenyewe asubuhi ileile na jagi akalijaza maji mpaka shingoni. Sasa yalikuwa yamekauka kama majani ya kuwashia moto, na ndani ya jagi hamkuwa na tone.

"Nicanora," aliita kwa sauti ya chini. "Umemwaga maji ya maua?"

"Niyamwage ili iweje, binti?" mpishi alijibu kutoka uani. "Na mtungi wangu mkavu vilevile. Nikadhani umeoga mara mbili kwa ajili ya bwana harusi."

Refugio hakucheka. Bwana harusi alikuwa ndiye huyo shemeji yake wa kwenye picha.

Don Celedonio Arrazola alikuwa mbunge, na mwaka ule alikuwa anautafuta ugavana wa jimbo la Oaxaca. Mkewe, Hermelinda, dada mkubwa wa Refugio, alifariki kabla ya mvua, akaacha mtoto wa kike mchanga. Matanga hayajapoa, Don Celedonio akaenda kijijini Santa Inés, akaketi mbele ya mama mkwe wake, Doña Tomasa, akasema gavana hawezi kupokea wageni bila mke. Kama Refugio hataki, alisema, basi mtoto atapelekwa jiji la Mexico kwa binamu zake, na sheria iko upande wa baba. Alisema hivyo huku anakunywa chokoleti yao. Refugio alikuwa na miaka kumi na saba. Alikubali kwa ajili ya mtoto, akahamia mjini kumlea, na harusi ikapangwa Jumamosi.

Hivyo hivyo ndivyo alivyomchukua Hermelinda. Baba yao alikuwa hai wakati huo, na neno lake lilibeba kura zote za Santa Inés. Hermelinda akaolewa kama mbuzi anavyofungwa kamba. Kwa miaka mingi alimimina chokoleti kwa wanaume waliosifu mikono yake na wasijue jina lake. Alizika watoto wawili, na kwenye makaburi yote mawili mumewe alihutubia, watu wakapiga makofi makaburini. Don Celedonio mwenyewe alipenda kuwaambia wageni, "Mke wa mwanasiasa ni kama saa ya ukutani. Apendeze, na asilie mpaka ufike muda wake." Wageni walicheka. Hermelinda naye alitabasamu, maana alifundishwa.

Siku moja tu hakutabasamu. Alikuwa ametoka kujifungua, homa bado imo mwilini, na meza imejaa wajumbe wa uchaguzi. Akaweka birika chini, akawaambia kwamba ardhi ya kijiji cha Santa Inés, iliyokuwa ya wote tangu enzi za mababu, mumewe ameiandikisha kwa majina ya rafiki zake, na baadhi yao wako hapo mezani wanakula. Don Celedonio alicheka, akasema uzazi umempanda kichwani, akamshika mkono akamtoa. Siku chache baadaye kengele za kanisa zikalia. Homa ya uzazi, watu wakaambiwa. Amefia kitandani, ameshikwa mkono na mumewe.

Kwetu, pale mtu alipokatia roho huchorwa msalaba wa chokaa sakafuni. Watu husali siku tisa, kisha msalaba huinuliwa kipande kwa kipande, ukakusanywa katika kitambaa na kupelekwa kaburini. Hapo ndipo roho huijua njia yake. Don Celedonio alikuwa anayakejeli mambo hayo magazetini. Lakini safari ile alitaka msalaba mkubwa, katikati ya sebule, wageni wote wauone, na kila jioni alisimama kando yake akahutubia. Alilia pia. Alilia vizuri sana.

Siku iliyofuata ile ya maua, beseni la kumwogeshea mtoto lilikauka wakati Refugio amegeuka kuchukua taulo. Kikombe cha maji ya baraka pembeni mwa mlango kilibaki na alama nyeupe tu. Wino wa Don Celedonio ukawa unga.

"Panya," alisema.

"Panya hawanywi wino, shemeji."

"Basi ni joto. Na uanze kuzoea kuniita kwa jina langu."

Alipotoka akamkuta Nicanora anachota kisimani kwa mara ya nne, akampiga kofi kwa sababu ya kuwatia wengine hofu.

Saa ya kulala mchana, jua limesimama juu ya ua na mji wote umefunga madirisha, Refugio alilala karibu na kitanda cha mtoto, macho wazi. Alisikia kitu kinakwaruza mbao. Kikakwaruza, kikapumzika, kikakwaruza tena, polepole, kama mtu ambaye nguvu zimemwishia lakini hana kazi nyingine ya kufanya. Kisha akasikia karibu kabisa na sikio lake koo linameza, koo kavu ambalo halina cha kumeza, na linarudia, na linarudia, na ile harufu ya chokaa ikashuka juu ya mto wake ikawa nzito mpaka akaihisi kwenye meno, naye akataka kuita lakini ulimi wake ulikuwa umekauka ukashikamana na kaakaa.

Nicanora alikuja mbio kutoka jikoni, kifua wazi, hajali. Yeye ndiye aliyekuwa anamnyonyesha mtoto pamoja na wa kwake.

"Binti, maziwa yamekatika," alinong'ona. "Yote. Kama mtu amefunga bomba."

Mtoto alilia siku ile nzima. Kesho yake alilia bila machozi, na midomo yake ikaanza kupasuka. Maziwa ya mbuzi yalikauka kikombeni kabla hayajafika mdomoni. Refugio akatuma neno Santa Inés.

Doña Tomasa alifika Ijumaa juu ya nyumbu, na nyuma yake Bibi Eduviges, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, ambaye kazi yake ilikuwa kusalia wafu na kuinua misalaba. Waliingia saa ileile ya kulala mchana. Don Celedonio alitoka chumbani na shati la ndani.

"Mama mkwe, unaniletea waganga nyumbani siku moja kabla ya harusi? Wapinzani wangu wakisikia je?"

"Wapinzani hawatasikia kitu," Doña Tomasa alisema. "Hata mjukuu wangu hasikiki tena. Sogea."

Bibi Eduviges alisimama sebuleni, akatazama pale msalaba ulipokuwa.

"Huu niliuinua mimi kwa mikono yangu," alisema. "Nikajiambia, mbona mwepesi? Msalaba wenye mtu ni mzito, hata uwe wa vumbi. Lakini umaskini una adabu zake, nikanyamaza. Sasa nauliza. Alifia wapi?"

"Kitandani," alisema Don Celedonio. "Nikamhamishia hapa, watu wapate nafasi."

"Unaapa?"

"Mimi ni mbunge."

"Nimesikia. Unaapa?"

Bibi Eduviges akamwomba Refugio maji. Refugio alikimbia kisimani akarudi na ndoo, ameikumbatia, na njiani maji yakapungua nusu. Bibi akaichukua akayamwaga yote sakafuni.

Maji hayakutawanyika. Yalijikusanya yakawa kamba nene kama mkono wa mtu, yakatambaa juu ya vigae, yakapanda kizingiti ambacho maji hayawezi kukipanda, yakashuka uani kwenye jua kali bila kukauka, yakampita Nicanora aliyesimama na mtoto mgongoni akiwa amejiziba mdomo, yakalizunguka banda la kuku, na kuku wakanyamaza, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa ghala la zamani la mahindi ambalo halikuwa limefunguliwa tangu msiba, yakaingia chini ya mlango ule mpaka tone la mwisho, na kutoka ndani wote wanne, na mbunge wa tano, wakasikia mtu anakunywa.

Alikunywa kwa pupa, kama mnyama. Kisha kimya.

"Ufunguo," alisema Doña Tomasa.

"Haupo. Ulipotea."

"Uko mfukoni mwake," Nicanora alisema. "Hajautoa mfukoni tangu siku ile. Aliniambia nikifungua mdomo, mume wangu ataozea jela. Mimi nilisikia anagonga, Doña Tomasa. Nilipitisha tambara bichi chini ya mlango mara moja, akanikuta, akaweka mtu wa kunichunga. Ukitaka kunilaani, nilaani."

Doña Tomasa alinyoosha mkono tu. Don Celedonio akautoa ufunguo, akafungua mwenyewe, akaurudisha mfukoni.

Ndani kulikuwa na baridi. Magunzi ya mahindi, mkeka, hakuna kingine. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, na kwa urefu wa mwanamke aliyepiga magoti chokaa ile ilikuwa imeondoka, ukanda mpana ulioonyesha udongo, umelainika kama jiwe la chumvi linalowekewa ng'ombe. Ilimchukua Refugio muda kuelewa. Dada yake aliulamba ukuta. Unyevu wa usiku ulipokaa juu ya chokaa, aliulamba.

"Nilitaka apoe," alisema Don Celedonio. "Siku moja tu, mpaka aombe radhi. Halafu wakaja wajumbe kutoka pwani, tukaanza kuhesabu kura, na wageni, na..." Alitazama mikono yake. "Nilisahau."

"Ulisahau," alisema Doña Tomasa.

"Nilikuwa na wageni, mama mkwe."

Hakuna aliyempigia kelele. Bibi Eduviges aliomba chokaa kutoka jikoni, akapiga magoti, akachora msalaba mbele ya ule ukuta. Wakasali, sauti zao zikigonga dari ya chini. Kwa kawaida mtu husubiri, lakini mtoto hakuwa na siku za kusubiri. Bibi akaanza kuinua. Aliukusanya mkono wa kulia kwa unyoya wa bata mzinga, na jasho likamtoka kama mwanamke anayebeba jiwe. Akaukusanya wa kushoto. Alipomaliza kichwa, Nicanora aliguna akajishika kifua. Blauzi yake ilikuwa imelowa pande zote mbili. Akamzungusha mtoto mbele, akaketi palepale mlangoni, na mtoto akanyonya kwa nguvu mpaka akakohoa.

"Amemwachia mwanawe," Bibi Eduviges alisema. "Kimebaki kipande cha miguu. Hiki lazima kiinuliwe na damu yake. Wewe, Tomasa. Kisha atakwenda."

Doña Tomasa alichukua unyoya, akainama. Kisha akainuka bila kuugusa msalaba.

"Nikikiacha?"

"Hatakwenda."

"Atatufuata sisi? Atamfuata mtoto?"

"Ya nini? Roho haina kisa na nyumba, wala na watoto. Ina kisa na aliyefunga mlango."

"Mama mkwe," Don Celedonio alisema kwa sauti ile ya jioni za matanga, sauti laini. "Mwonee huruma binti yako. Mwache apumzike."

"Mwanangu alinyamaza miaka yote aliyolala kitandani kwako," Doña Tomasa alisema. "Siku alipofungua mdomo, ukamfungia. Leo ana la kusema na wewe, na unataka mimi, mama yake, nimzibe. Hapana, mkwe wangu. Aseme mpaka achoke. Akichoka, atakuja mwenyewe kuniambia usingizini, nami nitarudi kukiinua."

"Na kesho? Watu wamealikwa."

"Wahutubie."

Refugio alikuwa ameshavua pete ya uchumba. Hakujua aiweke wapi, akaiacha juu ya magunzi. Alimchukua mtoto kutoka kwa Nicanora, na Nicanora akaenda kumbeba wa kwake jikoni, bila kuuliza kama na yeye anaondoka. Bibi Eduviges akafunga kitambaa chake akatoka akikohoa.

Don Celedonio hakuwafuata. Alikuwa amepiga magoti ghalani, anakwangua kile kipande cha mwisho kwa kucha, anajaribu kukiinua mwenyewe, na chokaa haikutoka sakafuni, kana kwamba imechongwa humo.

Walikuwa wanawafunga nyumbu tandiko uani wakati mlango wa ghala ulipojifunga. Upepo haukuwapo. Kufuli ililia mara moja. Ufunguo alikuwa nao yeye, lakini tundu la ufunguo lilikuwa upande wa nje.

Kwanza aliita watumishi, na watumishi walikuwa wamelala au walijifanya wamelala. Kisha akaanza kugonga. Kisha akaacha kugonga, wakamsikia anazungumza na mtu, kwa upole, kama anavyozungumza na mwenye kura nyingi. Alikuwa anaeleza. Akawa ananyamaza kidogo ili asikilize, halafu anaeleza tena, na kila mara sauti yake ilipanda juu zaidi.

"Mama," Refugio alinong'ona. "Yuko naye mle ndani."

Doña Tomasa alikuwa anamfunika mjukuu wake uso, jua lisimchome.

"Wana mengi," alisema. "Panda, twende."