Ripoti ya Hasi Ishirini na Nne

Jumamosi hiyo Elkana alirudi kutoka kanisani Sindo, akavua viatu mlangoni, akakuta kompyuta imeandika jina la kituo cha redio cha marehemu mwanawe, Willis.

Mashine alikuwa ameiacha ikisikiliza yenyewe tangu Ijumaa. Hakuona dhambi, si yeye aliyefanya kazi siku ya Sabato. Kipokezi kilinasa mawimbi hafifu ya watu wa redio za ridhaa, na kompyuta ikayapima na kuyaorodhesha kila sekunde kumi na tano. Katikati ya orodha lilikuwapo jina ambalo Willis peke yake alipewa na serikali, na kando yake ripoti ya nguvu ya mawimbi: hasi ishirini na nne. Chini ya hapo mashine haisikii kitu.

Willis alikuwa amezikwa Machi. Ugonjwa wa selimundu ulimmaliza akiwa na miaka kumi na saba. Redio yake ilikuwa sandukuni chini ya kitanda, haina betri. Elkana alifungua sanduku akahakikisha, kisha akampigia Maroa, rafiki yake wa Isebania mwenye kipokezi kama chake.

"Mimi sijaona kitu," Maroa alisema. "Mzee, umefungua nguvu ya kupokea mpaka mwisho, sivyo? Nyinyi watu wa ziwa na samaki mnataka kuvuta kila kitu. Kipokezi kikizidiwa kinajijazia kelele, halafu kompyuta inaanza kuota. Punguza. Na chujio ulibane."

Elkana alipunguza. Jumapili ripoti ilikuwa hasi kumi na tisa.

"Hiyo haishangazi," Maroa alisema. "Ripoti inalinganisha mawimbi na kelele. Kelele umezipunguza, namba imepanda. Anayetuma yuko palepale. Sasa usiguse kitu, tuone."

Elkana alichukua rangi ya kucha ya mkewe akatia alama kwenye kila kitufe. Hakuna aliyekigusa hata kimoja. Jumatatu ikawa hasi kumi na nne. Jumanne, hasi tisa. Kule Isebania, Maroa bado hakuona kitu. Chumba kilianza kunuka ile dawa ya kuchua waliyompaka Willis magotini maumivu yalipomshika, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama samaki aliyesahaulika guniani.

Mkewe, Marion, mwenye mimba ya miezi minane, alisimama mlangoni, leso puani.

"Baba Willis, zima hiyo kitu."

"Ni jina lake, Marion."

"Mimi ndiye nilimfumba macho. Kanisani tumefundishwa waliokufa wamelala, hawajui lolote. Sasa huyu ambaye hajalala ni nani?"

Elkana alizidi kuitazama skrini. Kabla ya kubatizwa alikuwa amelelewa na nyanyake, na nyanya alijua kwamba mfu wa ukoo huja kuomba jina lake apewe mtoto anayezaliwa. Watu wa kwao hupata majina hivyo, mfu akija ndotoni. Yeye hakuwa ameota hata mara moja tangu Machi. Labda kijana alikuja kwa njia aliyoizoea.

"Na kama anatafuta jina?" alinong'ona.

"Mtoto wangu hatapewa jina na sanduku la waya. Ukimpa, usile chakula changu tena."

Jumatano asubuhi Marion alikuwa nje akiosha vyombo. Kwenye orodha, ujumbe: NIPE JINA.

Elkana alilia. Akaandika kwenye kompyuta, akatuma kwa redio yake mwenyewe: CHUKUA JINA.

Sekunde kumi na tano zilipita. SASA MWILI.

Akampigia Maroa. Safari hii Maroa hakutania. "Chomoa antena," alisema polepole. "Kama inatoka nje, itapotea."

Elkana akaichomoa, na kelele zote za dunia zikakatika, zile za mvua ya mbali na za nyaya za stima na za vituo vya watu wasiomjua, chumba kikawa kimya kama shimo lililochimbwa jana, na katika ukimya huo sauti nyembamba ya kituo cha Willis ikaendelea kulia bila kutetereka, wala haikupungua, ila namba ikapanda ikawa sifuri, naye akakizungusha kitufe cha nguvu ya kupokea hadi mwanzo kabisa, mahali ambapo kipokezi ni kiziwi, ikapanda tena ikawa chanya mbili, na ile harufu ya samaki ikamshika kooni hata maombi aliyoyajua tangu ubatizo hayakupata pa kupita.

Kukawa na hatua za kandambili ukumbini.

Chanya tano.

Marion aliingia na sufuria mkononi, maji yakimdondoka viwikoni. Alikaribia meza.

Chanya kumi na moja.

"Rudi nyuma," Elkana alisema.

Alirudi hatua mbili. Chanya saba.

"Baba Willis, umefanya nini?"

Elkana alitazama tumbo la mkewe. Marion naye akalitazama, akaiweka sufuria chini taratibu, kwa mikono miwili.